Siku Nilipolichonga Jua Nyusi

Kiboko alipotoka ziwani asubuhi moja, akapanda mpaka uwanja wa gofu pale Jinja na kulala juu ya mpira wa watu, mimi nilikuwa kijana wa kubeba mizigo sokoni, sina hili wala lile, nikakimbia kwenda kutazama kama wenzangu (aibu ninayotaka kuwasimulia haihusiani na kiboko hata kidogo, aibu yenyewe ni ya Mbale, mbele ya wakwe, mbele ya wazungu na mbele ya afande mmoja mwenye fimbo, na mpaka leo nikiikumbuka nikiwa natawadha nasahau nimeshaosha mguu upi, lakini niacheni nianze na kiboko, kwa sababu bila kiboko nisingeshika kamera). Wale wazungu wa gofu walikuwa wamesimama na vijiti vyao wakibishana kwa adabu, maana hakuna aliyejua sheria inasemaje mpira ukiwa chini ya kiboko. Ndipo akaja Mhindi mmoja mwenye studio ya picha mjini, na kamera yake ya miguu mitatu, akajifunika kile kitambaa cheusi, na kiboko alipofumbua macho akaona mnyama wa miguu mitano asiye na uso, akasema moyoni huyu hapana, akainuka. Mhindi akakimbia na kitambaa kichwani, haoni anakoenda, na mimi nikanyakua kamera nikakimbia nayo upande wa pili, si kwa ushujaa, ni kwamba nilikuwa nimesimama karibu nayo na mikono ya mbeba mizigo haijui kukimbia mitupu.

Jioni nikamrudishia. Akaigeuza geuza, haina hata mkwaruzo, akanitazama mikono.

"Wewe iko na mikono nzuri," akasema. "Kuja kesho."

Ndivyo nilivyoingia studio. Shule nilikuwa nimeiacha mapema sana, nilipojua kuandika jina langu nikaona inatosha, na Mhindi hakujali, maana kazi aliyonipa haikutaka kusoma. Kwanza ilikuwa kuosha filamu katika chumba cha giza. Baadaye akanipa kazi ya heshima, kurekebisha. Ninyi wa siku hizi hamuijui. Mtu akipigwa picha, kwenye filamu anatokea kinyume, cheupe kinakuwa cheusi na cheusi cheupe, na pale pale kwenye filamu, kabla ya kuisafisha kwenye karatasi, unaingia na penseli laini iliyochongwa kama sindano unaziba kipele, unafuta mkunjo, na kwa ncha ya wembe unakwangua kidogo sana mahali pa nyusi ili zikolee. Nyusi ndizo kazi. Mtu akitokea na nyusi nzuri anasamehe pua.

Na Mhindi alikuwa na sheria moja, akinirudia kila siku mpaka ikaingia kwenye mifupa: kila mteja apigwe mara mbili bila kusogea. Picha ya kwanza tuliiita bibi harusi, ya pili mpambe. Bibi harusi ndiye anayepambwa kwa penseli na wembe. Mpambe haguswi, anawekwa kwenye kasha, ili wembe ukiteleza ukamtoboa bibi harusi jicho, uwe na pa kuanzia upya. Kumpamba mpambe ni upumbavu, ni kupoteza penseli. Shikeni hapo.

Wahindi wakafukuzwa, na yule wangu akaniachia penseli zake na funguo, akaondoka na sanduku moja huku analia. Ikaja miaka ya wanajeshi, na studio ikawa yangu kwa maana kwamba hakuna mwingine aliyeitaka, na nyuso nilizorekebisha miaka ile Mungu ndiye anajua, maana huwezi kumwambia afande kwamba uso wake ndivyo ulivyo. (Kiswahili changu nacho nilikinolea hapo. Mpaka leo nikisema Kiswahili sokoni Buwenge, ambako wanakijua kama lugha ya askari, mama wa nyanya anasogeza tenga lake nyuma kwanza, halafu ndiyo ananiuliza nataka ngapi.)

Miaka hiyo hiyo ndipo akaingia studio binti mmoja Mwislamu kutoka Mbale, amekuja kumtembelea shangazi yake Bugembe, anataka picha ya kumpelekea mama. Zaituni. Nilipokaa na filamu yake kuirekebisha nikakuta hakuna cha kurekebisha. Alikuwa na kidoa kidevuni upande wa kushoto, lakini kukifuta kile ingekuwa dhambi. Basi nikachonga nyusi, ambazo hazikuhitaji kuchongwa, nikazichonga tena, nikamwambia picha bado, njoo keshokutwa, na keshokutwa nikamwambia bado. Mpaka tunaoana mkono wangu ulikuwa unaujua uso ule hata taa ikizimika.

Vita vikaja. Studio iliibiwa mpaka lile pazia la nyuma lililochorwa maporomoko ya maji, sijui mwizi alilipeleka wapi, labda mahali fulani kuna familia inalala chini ya maporomoko. Zaituni nilimpeleka Mbale kwa baba yake akae salama. Vita vikaisha, vikaja vingine, navyo vikaisha, barabara zikafunguliwa, nikaenda Nkoma, mtaa wa baba yake pale Mbale, kumchukua mke wangu nimevaa kanzu ya kuazima.

Baba mkwe wangu, Hajji Kasimu, alikuwa mfanyabiashara wa kahawa, mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Alinikaribisha kwa mkeka na chai, hakukosa adabu hata kidogo, kisha akasema:

"Nilikupa binti yangu ukiwa na studio. Sasa una nini?"

"Nina kamera, Hajji."

"Ina filamu?"

Nikaushika mkanda wa kamera shingoni.

"Kwa hiyo una shingo na mkanda. Kale, haya. Binti yangu haendi Jinja kulishwa mkanda. Nikuone na kazi ya heshima, nione kwa macho haya, siku hiyo hiyo unamchukua."

Zaituni alikuwa nyuma ya mlango. Nilimwona vidole vya miguu tu chini ya pazia, na vidole vile vikakunjika, nikajua hajakubaliana na baba yake, lakini katika nyumba ile ni vidole tu vilivyokuwa na uhuru wa kusema.

Sasa, katika nyumba iliyopakana ukuta kwa ukuta na ya Hajji alikuwa akikaa Daktari Wamono. Huyu alikuwa Mgisu, aliondoka kwenda kusoma ng'ambo kabla mambo hayajaharibika, na nchi ilipotulia akarudi na kreti moja kubwa kama jeneza la ng'ombe. Watu waliposikia daktari amerudi wakapanga foleni mlangoni, wamebeba watoto wa kikohozi, mzee mmoja kaleta goti lake, na Daktari anatoka anawaamkia kwa Kigisu, anawaambia kwa upole, "Mulembe, mulembe, lakini mimi ni daktari wa jua." Yule mzee wa goti akamjibu, "Jua haliumwi, bwana. Tazama goti."

Ndani ya kreti mlikuwa na darubini. Daktari alitaka kujenga mahali pa kulichungulia jua pale juu ya mlima, na wageni wawili wa ng'ambo wenye fedha walikuwa wanakuja na bwana mmoja wa wizara kuona kama nchi iliyotoka vitani inaweza kazi hiyo. Alihitaji mtu wa chumba cha giza. Katika Mbale nzima aliyejua kuosha filamu bila kuichoma nilikuwa mimi, nimekaa kwa baba mkwe nakunywa chai yake. Tukapatana siku hiyo hiyo.

Hajji aliposikia akaja mwenyewe mpaka kwenye ukuta wa Daktari kuuliza. "Hiyo ni kazi kweli, Daktari?"

"Ni kazi ya sayansi, Hajji. Siku ya wageni tutaonyesha ukumbini, na mkwe wako ataketi mbele, kwenye mashine."

"Mbele?"

"Mbele kabisa."

Hajji akanitazama kama mtu anayepima kahawa mkononi. "Basi ukumbini. Nikiona kwa macho yangu, kesho yake asubuhi anamchukua mke wake." Na kutoka siku ile nilikuwa naamka na moyo mwepesi, nasikia Zaituni akimwimbia mama yake jikoni, nahesabu tayari ni upande upi wa chumba changu Jinja tutaweka kitanda.

Kazi yenyewe niwaeleze kama nilivyoelezwa, maana hapa ndipo shimo lilipochimbwa. Daktari alisema jua lina sumaku, hasa kwenye madoa yake meusi, na sumaku hiyo huwezi kuiona, lakini mwanga unaotoka karibu nayo unatoka umeegemea upande, kama mabua ya mtama yaliyopitiwa na upepo. Yeye alikuwa na kioo cha kuchuja. Akikigeuza huku kinapitisha mwanga ulioegemea kushoto, akikigeuza kule kinapitisha ulioegemea kulia. Basi analipiga jua picha ya kushoto, halafu picha ya kulia.

Nikazitazama. "Daktari, ni picha moja."

"Kwa macho, ndiyo. Sasa chukua ya kulia ilivyo kinyume, ya kushoto igeuze iwe kawaida, zibandike moja juu ya nyingine. Kila kilicho sawa kitauana, kitabaki kijivu kitupu. Kitakachobaki, cheupe au cheusi, ndicho tofauti. Na tofauti hiyo ndiyo sumaku. Ni ndogo mno, kwa hiyo tunaikuza sana, sana."

Shida ilikuwa hewa. Hewa ya Mbale mchana, mlima ule unapopumua, inacheza kama uji unaotaka kuchemka, na jua linatokea limefifia, limetetereka, kama mteja aliyepiga chafya. Kwa hiyo Daktari alikuwa akipiga picha nyingi haraka haraka, na kazi yangu ni kuchagua zile ambazo hewa ilitulia, kuzipandisha moja juu ya nyingine kwa uangalifu doa juu ya doa, mpaka litoke jua moja lililojengwa upya kutoka kwa yote. Moja la kushoto, moja la kulia. Na hapo akanipa sheria yake:

"Utakachofanya kwa kushoto, fanya kwa kulia. Hata kosa. Ukikosea kushoto, kosea hivyo hivyo kulia."

Nikaitikia, lakini moyoni nikasema elimu imemwingia vibaya, mtu gani anaomba kosa mara mbili?

Wiki ya wageni Daktari akashikwa na malaria. Akalala amejifunika mablanketi yote ya nyumba, anatetemeka, ananiambia tengeneza vioo viwili vya picha, cha kushoto na cha kulia, kwa ajili ya projekta, mimi nitavibandika mwenyewe mbele ya wageni, waone kwa macho yao kijivu kikitokea na sumaku ikibaki. Nikaenda chumba cha giza pale pale kwa Daktari, peke yangu. Nikachagua, nikapandisha, nikajenga, nikatoa jua la kushoto na jua la kulia, nikayaweka mezani juu ya taa.

Yalikuwa mabaya. Niseme ukweli, yalikuwa mabaya. Yamejengwa upya, ndiyo, lakini kingo za madoa zimefifia kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi, na katikati kuna mabaka ya hewa, na mimi nikafikiria Hajji ameketi pale ukumbini, aone mkwe wake amekaa mbele na mashine anaonyesha kitu kama chapati iliyokaa mvuani. Nikasema hapana. Nikafungua kasha la penseli za Mhindi.

Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo hivyo tu. Kunoa kingo kidogo za jua la kushoto, kabla sijaligeuza kuwa kawaida. Wala sikufuta madoa, sikuwa mjinga, nilijua madoa ndiyo makao ya sumaku. Nikanoa kingo za yale madoa mawili makubwa yaliyokaa sambamba, yakapendeza, lakini yalipopendeza yakaonekana yapo uchi, kwa hiyo juu yake, ambapo palikuwa na kivuli fulani cha hewa, nikakwangua kidogo kwa ncha ya wembe kukikoleza. Nikaona upande wa chini pamepwaya, nikapaka hapo mwanga kidogo wa mashavu. Katikati nikanyoosha mstari uliokuwa umepinda. Na chini kushoto kulikuwa na kidoa kimoja kidogo, sijui ni cha jua au ni vumbi, Mungu ndiye anajua, nacho nikakinoa. Vyote hivyo vyepesi mno, kazi ya Mhindi, kazi ambayo ukiitazama huioni, unaona tu picha ni nzuri. Na muda wote huo namsikia Zaituni upande wa pili wa ukuta anaimba.

Jua la kulia sikuligusa. Kwa nini niliguse? Picha mbili za mteja mmoja, hajasogea: moja bibi harusi, moja mpambe. Nikaliweka kwenye kasha safi kabisa, na nilijisifu kwa hilo.

Asubuhi ya siku yenyewe Daktari akaamka, macho ya njano, koti limekuwa kubwa. "Vioo viko tayari?"

"Tayari, Daktari. Utafurahi."

Ukumbi ulijaa. Umeme ulikuwa umekatika kama kawaida, lakini jenereta lilikuwa limeazimwa kwa afande mkuu wa mahali pale, na kwa kuwa jenereta ni lake afande mwenyewe alikuja nalo, akakaa mstari wa mbele na fimbo yake magotini. Wageni wale wawili walikaa, mmoja mzee mwenye ndevu, mmoja kijana, na bwana wa wizara akijipepea na kofia. Nyuma kulikuwa na watu wa mjini, wenye maduka, madereva wa Kenya ambao malori yao yalikwama mvua ilipokata barabara nao wakaona afadhali jua kuliko kukaa bure. Upande wa kushoto wanawake, na katikati yao Zaituni, amevaa gauni la bluu, na mama mkwe wangu kando yake ameufunika uso kwa kitambaa ili asinitazame wala nisimtazame, kama inavyotakiwa, na Hajji amekaa mbele yao, mikono imekunjwa. Nilikaa kwenye projekta mbele kabisa. Hajji akaniona. Akatikisa kichwa mara moja, polepole, kuelekea chini, yaani sawa. Zaituni akatabasamu akitazama magoti yake.

Madirisha yakafungwa. Daktari akasema maneno yake, kisha akaniambia, "Fundi, tuonyeshe kushoto."

Nikaweka bibi harusi.

Ukumbi ukasema aaa. Jamani, lilikuwa jua! Kingo kali, madoa yamekaa, duara limetulia. Watu wakapiga makofi, hata afande alipiga fimbo yake sakafuni. Yule mzungu wa ndevu akainuka nusu akasogea mbele, akasema kitu, na Daktari akageuka kwangu uso unang'aa kwa homa na furaha.

"Anauliza hewa ya Mbale imetulia hivi tangu lini. Hata mimi sijawahi kuiona hivi."

Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Laiti ningeanguka pale nikafa, ningekufa mtu mkubwa.

"Sasa kulia."

Nikaweka mpambe. Jua lile lile kwa kinyume, jeusi lenye madoa meupe, tena kama limeamshwa usingizini. Daktari akakunja uso. "Hewa... hewa imebadilika kidogo," akawaambia wageni. Akaja mwenyewe kwenye mashine, akachukua vioo vyote viwili. "Mabibi na mabwana. Sasa tutaondoa kila kitu kilicho sawa. Kila kitu mnachokijua cha jua kitapotea. Kitakachobaki ni kile ambacho jua lilikuwa limekificha."

Akavibandika. Ukutani pakawa na ukungu. Akasukuma kidogo huku, kidogo kule, doa litafute doa lake, na ukungu ukaanza kuwa kijivu, kijivu safi kabisa, jua linakufa mbele ya macho yetu kama alivyosema, na katika kijivu kile, kikubwa kama ukuta, zikatokea nyusi.

Nyusi mbili. Nzuri. Halafu kope. Halafu pua iliyonyooka, na mashavu yenye mwanga, na chini kushoto, kidevuni, kidoa.

Jenereta liliendelea kunguruma nje. Kisha mama mmoja wa nyuma, rozari mkononi, akapiga kelele, "Banange! Bikira Maria!" akapiga magoti, na wengine wawili watatu wakapiga magoti naye.

"Hapana, mama," dereva mmoja wa Kenya akasema, "huyo nyusi zake zimetoka saluni."

"Nyamaza wewe! Ndani ya jua kuna saluni?"

Afande akasimama. "Daktari! Hiyo mtu ni nani? Nani ametoa ruhusa hiyo mtu iwekwe kwa jua?" Akamgeukia bwana wa wizara. "Ni mtu ya chama gani? Sisi tulipigana, sasa watu wanapanda kwa jua bila kusema?"

"Afande, hiyo ni sumaku..."

"Sumaku iko na macho?"

Ndipo Hajji akainuka. Nilimwona akiinuka na nikajua, kama mtu anavyojua mguu umeshakosa ngazi. Akanyoosha kidole ukutani, na ile sauti ya mtu mrefu ikajaza ukumbi:

"Bikira gani! Huyo ni Zaituni! Ni Zaituni wangu, wa Nkoma, hapo alipo ameketi, na kidoa hicho amezaliwa nacho!"

Ukumbi mzima ukageuka upande wa wanawake. Ukageuka ukutani. Ukageuka tena kwa wanawake. Wale waliopiga magoti hawakujua wainuke au waelekee upande upi.

Daktari Wamono alikuja karibu yangu, akanong'ona, na sauti ile ndogo iliniuma kuliko zote. "Sulemani. Umelifanya nini jua langu?"

"Nimelisafisha tu, Daktari."

"Na la kulia?"

"La kulia ni mpambe."

Akafumba macho. Akageuka, akawaambia watu, na heshima yangu kwake haijapungua hata leo, kwa sababu hakunitukana: "Kijivu kile ni jua. Kile kingine kinatoka kwenye mkono wa aliyelijenga upya. Tumekuza kitu kidogo sana, na kitu kidogo kilichokuwamo kilikuwa mapenzi ya fundi." Watu wakaangua kicheko. Mzungu wa ndevu akaomba atafsiriwe, na alipotafsiriwa akashika tumbo, akasema maneno ambayo Daktari aliyarudisha kwa Kiswahili akiwa hajui acheke au alie: kwamba kwao wana mashine kubwa za kulinoa jua, nazo zikinoa upande mmoja kuliko mwingine zinachora sumaku ambazo hazipo, na watu wazima wanaandika vitabu juu yake, ila kwao haijawahi kutokea yenye nyusi nzuri hivi.

"Kwa hiyo si ya chama?" afande akauliza.

"Si ya chama, afande."

"Basi jenereta langu linakula mafuta kwa ajili ya bibi ya huyu?"

Na hapo, juu ya kelele zote, nikakisikia kicheko kimoja nilichokijua. Zaituni alikuwa anacheka. Anacheka mpaka anashindwa, amejishika ubavu, machozi yanamtoka, na uso wake mkubwa wa kijivu ukutani juu yake hauchekei kitu. Hajji amesimama kati ya nyuso zote mbili, mdomo wazi.

Mimi nikainuka. Sikukimbia. Nilizima taa ya projekta kwanza, kwa sababu balbu inaharibika ukiiacha na joto. Nikapita ukutani, mgongo ukiwa upande wa mama mkwe kama inavyotakiwa, nikafungua mlango, jua lenyewe likanipiga usoni, nikaweka mkono juu ya macho nikatembea. Kamera niliiacha kwenye kiti. Barabarani nikamkuta dereva wa Kenya aliyechoka kusubiri mapema kuliko wenzake, njia imefunguka, anaelekea Jinja na shehena ya chumvi, hakuniuliza kitu, nikapanda.

Siku hizi nikipiga picha za pasipoti kwa kamera ya mpwa wangu, kipele kinabaki kipele na jicho lililolegea linabaki limelegea, mteja akinung'unika namwambia aende kwa mwingine. Siongezi hata nukta. Na kuna wanawake wa Mbale waliokuwapo siku ile, huwa wanakuja Jinja kununua nguo, wananiambia mambo. Wananiambia Zaituni hakuwa ananicheka. Wananiambia Hajji alikaa chini akasema, basi, mtu aliyemwandika mke wake juani nimnyime kwa sababu gani, na kwamba Zaituni alitoka nje viatu mkononi, akaniita jina langu kutoka ngazini. Huenda. Mimi nilisikia mtu akiita. Nilikuwa nimeshafika kwenye lori, mlango uko wazi, na niliona haya kugeuza shingo, nikapanda, na Mbale sijarudi.